Nzi wa Majani Yasiyokatwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu alinikabidhi wavu wa kufagia, yaani mfuko wa kitambaa kwenye pete ya chuma, ambao hupitishwa juu ya majani ili kunasa wadudu. Akasema, "Kijana, hapa hatutafuti wanyama wakubwa. Wakubwa wana watetezi."

Nilihudumu katika vituo vya Gitambi, kisha Butare, na mwisho Mururu. Huko, katika ukanda wa matete uliopandwa kushika udongo wa kilima, tulinasa nzi wa manjano, mdogo kuliko punje ya ulezi. Mkuu wangu mpya, daktari wa wadudu, hakumkuta katika kitabu chochote. Nzi huyo alikuwa dume. Ili spishi itambuliwe kikamilifu, tulihitaji na jike. Na mabuu yake hukua ndani ya machipukizi ya matete. "Ukanda usikatwe mpaka nzi wapya watoke na kuruka," akaamuru.

Ukanda ulikuwa wa Maman Espérance, mjane aliyelisha matete hayo ng'ombe wake mmoja, mwenye mimba.

"Iko inauma batu, hiyo nzi?"

"Hapana, Maman."

"Sasa inafanyaka nini?"

"Inaishi tu."

"Na ngombe yangu nayo inaishi tu, Papa. Nani atailisha?"

Basi kila alfajiri nikapanda kutoka bondeni na mzigo wa majani kichwani, huku vijana wakinizomea mimi bwana shamba: "Agronome, ulioa ngombe?"

Ng'ombe akazaa. Kwetu, aliyepata ndama hasubiri kuomba. Majirani humletea majani. Asubuhi hiyo nilikuta ukanda umebaki visiki. Jirani wa Maman, Mzee Hamisi, alikuwa akifuta panga.

"Tumesaidia Maman," akasema kwa furaha. "Majani mazuri ilikuwa hapa karibu, na hakuna mwenye alikuwa anaikata!"

Nikampigia simu mkuu. "Yatoe mbele ya ng'ombe!" akafoka.

Nikaingia zizini. Ndama alikuwa akitetemeka ubavuni mwa mama yake. Nikapiga magoti horini, nikapasua mabua yaliyosalia. Yote yalikuwa magumu, bila buu hata moja. Ng'ombe huanza na machipukizi, na mabuu yalikuwa humo.

"Uko unatafuta nini, Papa?"

"Hakuna kitu, Maman. Hongera kwa ndama."

Hatukumpata jike kamwe. Sasa nimestaafu na mgongo wangu unauma; yule dume yumo chupani, hana jina. Ninyi mnaoanza kazi mtafundishwa kulinda majani dhidi ya moto, sumu na uzembe. Hayo niliyajua. Lakini asubuhi ile, kilimani pale, hapakuwa na mkosaji hata mmoja wa kukemewa.