Aliwanawisha waheshimiwa, mtaa wake ukakosa bomba

Saa kumi na mbili asubuhi, mahamri ya Bi. Mwanakheri yameshaiva, lakini mbaazi bado ni kavu vile vile zilivyotoka dukani.

Zilitakiwa zirowekwe tangu jana. Hazikurowekwa kwa sababu maji ya mwisho yaliyokuwa ndani aliukandia unga. Nazi amezikuna, zimejaa kwenye sinia, na tui halikamuliki bila maji. Basi amebaki papo hapo juu ya mbuzi yake ya kukunia, miguu ameinyoosha, barakoa ameishusha kidevuni, macho yako kichochoroni. Anamngoja Ngumbao, muuza maji wa mkokoteni.

“Bado, mwanangu. Hamri ziko, mbaazi hakuna. Chai pia hakuna,” anamwambia mteja wa kwanza, mwanamume aliyevaa sare ya kiwanda.

Mteja ananunua mahamri mawili makavu, anayafunga kwenye gazeti na kwenda zake kuiwahi feri. Wa pili hanunui kitu. Anatazama sufuria, anatazama simu yake, anaondoka.

Ngumbao anapotokea, jua limeshapanda juu ya mabati. Ametota jasho, na nusu ya mitungi yake ni mitupu.

“Tumetawanywa na polisi mara mbili kule lami, Bi. Mwanakheri,” anasema kabla hajaulizwa. “Eti tumekaribiana kwenye foleni.”

Bi. Mwanakheri anapokea mtungi wake, anaumimina taratibu asimwage hata tone, kisha anajifuta mikono kwa leso.

“Kukaa mbali mbali kwenye foleni ya maji,” anasema, “hilo alilitunga mtu ambaye kwake mna bomba.”

Hasemi kwa hasira. Ukimsikiliza sauti, ni ya mtu aliyekwisha kukasirika akamaliza, na sasa anataka tu kukaa chini.

Hapa ni Kwa Mwadzombo, kitongoji cha Likoni ambacho bomba la maji limekikaribia na kukiacha. Limekuja na barabara ya lami, likafika kwenye kioski cha maji kilicho kituoni, likaishia hapo. Kutoka kituoni hadi kwa Bi. Mwanakheri ni mwendo wa kumchosha mtu mzima aliyebeba mtungi kichwani, ndiyo maana watu kama Ngumbao wana kazi. Kabla ya korona, mtungi ulikuwa shilingi ishirini. Siku hizi, foleni ikiwa mbaya, ni hamsini, na Bi. Mwanakheri anasema siku kama hizo huwapikia wenzake tu, yeye hapati kitu.

Kisima kipo. Kilichimbwa na Mzee Ishaka, babu wa marehemu mumewe, wakati huku kulikuwa mashamba ya mihogo na minazi na majirani walikuwa wakihesabika. Maji yake yalikuwa matamu. Nyumba zikaongezeka, visima vikaongezeka, na chumvi ikaingia.

“Maji ya kisima utafulia, utaoshea vyombo, lakini usiyapikie,” anasema. “Mbaazi ukizitia maji yale, utachoma kuni kutwa nzima na bado zakutazama. Chai ya maziwa yakatika. Na mtu akila mbaazi ngumu kwako leo, kesho yuwaenda kwa mwengine, wala hakwambii kwa nini.”

Ugonjwa ulipoingia nchini na redio zikaanza kuhimiza watu wanawe mikono kila wakati, wanawake wa Kwa Mwadzombo walikuwa wakikutana mahali pamoja tu: barazani kwa Bi. Mwanakheri, kwenye mahamri. Hapo ndipo suala lilipozuka. Wanawe kwa maji gani? Ya kisima sabuni haitoi povu, na ya mtungi ni ya kunywa na watoto.

Aliyelisema kwa sauti kubwa ni Nafula, mpangaji wa nyumba ya pili, mwenyeji wa Bungoma aliyekuwa akichambua chai kwenye ghala moja la Changamwe mpaka korona ilipomkosesha kazi. Alikuwa na muda na alikuwa na hasira. Akamwambia Bi. Mwanakheri kwamba fedha za maji hupangwa na wawakilishi wa wadi kwenye bajeti ya kaunti, na kwamba wasipokwenda kuomba, bomba litakaa kituoni mpaka wajukuu wazeeke.

Wakaenda wote wawili. Wakamfuata mwakilishi wao nyumbani, wakamfuata ofisini, wakamfuata hadi kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Bi. Mwanakheri ndiye aliyesema, kwa kuwa ni mtu mzima na mwenyeji, na mdomo wake una heshima. Mwishowe wakaambiwa kamati inayoshughulikia bajeti itazuru mitaa isiyo na maji ijionee yenyewe, na Kwa Mwadzombo pia itafika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa wema.

“Mimi niliposikia waja, sikuwaza bomba tena,” anasema Bi. Mwanakheri. “Niliwaza wageni.”

Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa. Mgeni akifika, kabla hajasema shida yake, huletewa maji anawishwe. Nyumba inaweza kukosa sukari, inaweza kukosa hata mkeka mzima, lakini kumkalisha mgeni na mikono yake michafu ni aibu ambayo watu wataizungumza hata usipokuwapo. Sasa wageni wenyewe ni waheshimiwa, na zama zenyewe ni za korona. Bi. Mwanakheri akapita nyumba hadi nyumba. Kila mtu atoe alicho nacho.

Nafula alimpinga, na mabishano yao mtaa mzima unayakumbuka.

“Mama, si uwaache tu wakuje wapate madumu ziko tupu? Si ndiyo shida yenyewe tunawaitia?”

“Wageni waje kwangu wakose maji ya kunawa? Uso wangu niuweke wapi, Nafula?”

“Uuweke kwa bomba, Mama!”

“Wewe huko kwenu mwafanya hivyo?”

Nafula anasema swali hilo ndilo lililomshinda, kwa sababu hata kwao hawafanyi hivyo. Akaenda nyumbani kwake, akaleta mitungi miwili aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya wanawe.

Siku ya ziara, kila mlango wa Kwa Mwadzombo ulikuwa na ndoo yenye mfereji, imejaa mpaka juu, na kipande cha sabuni juu ya kisahani. Vumbi la njiani lilinyunyiziwa maji. Pipa la Bi. Mwanakheri lilifurika. Alitengeneza sharubati ya ukwaju, akakaanga mahamri, akapika mbaazi zikalainika vizuri. Waheshimiwa walipofika aliwanawisha kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa birika, na maji yakamwagika chini kama si kitu. Walinawa kwenye kila mlango waliopita, maana ndiyo adabu ya mgeni, na pia ilikuwa ndiyo amri ya wizara.

Walishukuru sana. Walisema hawajapokewa hivyo mahali popote.

Jioni yake hakuna aliyepika Kwa Mwadzombo. Siku ya pili yake pia karai la Bi. Mwanakheri halikuwekwa mekoni. Watu walivumilia, walijua wamewekeza.

Ilipofika siku ya bajeti kusomewa wananchi, Bi. Mwanakheri na Nafula walikwenda kwenye ukumbi wa jamii, wakakaa kwenye viti vilivyotenganishwa, wakasubiri zamu ya mtaa wao. Mwenyekiti wa kamati akasimama. Akasema wamezunguka kote, wameona shida nyingi, lakini kuna mahali palipowatia moyo: Kwa Mwadzombo, ambako kila mlango una maji na sabuni, na mitaa mingine ingefaa ikajifunze huko. Ukumbi ukapiga makofi.

“Na mimi nikapiga,” anasema Bi. Mwanakheri, na hapa anaacha kukamua tui. “Wallahi nikapiga makofi, mimi mwenyewe, natabasamu ndani ya barakoa. Yuwatusifu! Nikamgeukia Nafula nione kama amesikia. Nikamwona analia.”

Fedha za bomba zilipelekwa mtaa mwingine, ulioonekana una dhiki zaidi. Bi. Mwanakheri hauonei wivu. Anasema huko nako watu wana kiu.

Kilichomuuma ni kurudi nyumbani. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kama kawaida, shikamoo Bi. Mwanakheri, marahaba, lakini baraza lilipungua. Mama mmoja ambaye mwanawe alikaa wiki nzima na tumbo la kuendesha aliacha kabisa kununua kwake. Alikuwa ametoa mtungi wake kwa ajili ya wageni, na mtoto akanywa ya kisima. Mtoto alipona, Alhamdulillahi, lakini Bi. Mwanakheri akipita mlango ule hutembea haraka.

“Bomba nililizuia mimi,” anasema. “Watu waogopa kuniambia, basi najiambia mwenyewe.”

Kwa miezi kadhaa hakutaka kusikia habari za bajeti. Nafula ndiye aliyekuja tena, msimu mwingine wa kukusanya maoni ulipofika, akamkuta anapepeta mbaazi. Akamwambia twende kisiwani kwa kamati, tukawaambie wenyewe. Bi. Mwanakheri akasema amechoka. Nafula akasema hata yeye amechoka, twende hivyo hivyo tumechoka.

Wakavuka kwa feri. Kwenye chumba cha kamati wakapewa dakika chache, na Bi. Mwanakheri hakuwa amefika nusu ya maneno yake mwenyekiti alipomkatiza, kwa upole, akitabasamu.

“Lakini Mama, si sisi tulinawa kwako? Maji yalikuwa tele.”

Wajumbe wakacheka. Si kicheko kibaya, anasema, ni kile cha watu waliokula kwako wakashiba.

Kuna maneno ambayo mwanamke wa makamo yake hayasemi mbele za watu, nayo alilazimika kuyasema. Kwamba maji yale hayakuwa yake. Kwamba aliyaazima nyumba kwa nyumba, kwa wenye watoto na kwa wagonjwa, ili asiaibike. Kwamba wao walipokwisha kuondoka, mtaa mzima ulilala bila kupika.

“Nikawaambia, waheshimiwa wanangu, yale mliyonawa ndiyo yaliyokuwa yote.”

Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa, na ilikuwa safi. Hawakuahidi fedha. Walichoahidi ni kurudi kutazama tena, na safari hii waliomba wasiandaliwe chochote.

Watarudi Alhamisi ijayo.

Habari hiyo imeenea, na tangu juzi baraza limeanza kujaa tena, ingawa watu huja zaidi kumkumbusha kuliko kununua. Hata yule mama wa mtoto amepita. Hakununua. Alisimama tu njiani akauliza, “Ni Alhamisi, sivyo?” Bi. Mwanakheri akaitika, na mama akaendelea na safari yake.

Ngumbao naye yumo. Ukimwuliza bomba likija atakula wapi, anacheka na kusema mkokoteni haujui maji peke yake, hata viazi hubeba, na mgongo wake hautaililia mitungi.

Mpango wenyewe ni rahisi kuusema. Siku hiyo mtu asikope maji, asinunue zaidi ya mazoea, asinyunyizie njia. Pipa la Bi. Mwanakheri litakaa mlangoni jinsi linavyokaa siku zote asubuhi: limefunuliwa, chini likiwa kavu. Birika ameshalificha uvunguni mwa kitanda. Jana usiku alilitoa akalipangusa, akalirudisha.

Saa tatu inakaribia. Mbaazi ndiyo kwanza zinaanza kuchemka, na wateja wa asubuhi walishakula kwengine. Bi. Mwanakheri anamtazama mwandishi aliyekaa kwenye baraza lake tangu alfajiri, anatazama mikono yake, kisha anatazama mtungi. Anapambana na nafsi yake waziwazi. Mwishowe anachota maji kidogo kwa kikombe.

“Nawa, mwanangu. Wewe si kamati.”

Kisha anasema jambo analolihofia, na halihusu bajeti. Anaijua sura ya mgeni anapofika na jua la Likoni limempiga. Anajua mwili wake utakavyofanya wenyewe, kabla hajafikiri.

“Waja wakae hapo hapo ulipokaa wewe, wana kiu, na mimi niwatazame tu? Wataniona sina adabu. Basi na wanione. Bomba likija, inshallah, nitawaita tena, niwanawishe mpaka viwiko.”

Anakoroga mbaazi, anaonja moja, anatikisa kichwa. Bado.

“Nimemwambia Nafula akae kando yangu siku hiyo,” anasema. “Anishike leso, aikaze. Maana najijua. Nitainuka.”