Siku Mama Yangu Alipoombwa Awe Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifumba macho naiona: siku Mwalimu Zefania alipokataa chai ya mama yangu. Mtu huyo hakuwa na kawaida ya kukataa. Karibu kila wiki alipita kwetu, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, na mama akimwona tu anamtengea kikombe. Siku hiyo alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia yake ameishika magotini, akasema, "Ahsante, Mama Ndeshi, leo sina kiu." Mama akanitupia jicho. Tulijua sote wawili kwamba kuna jambo limekuja na mwalimu mle ndani.

Nikueleze kwanza tulikuwa akina nani. Baba na mama walishuka kutoka Machame, kule Kilimanjaro, wakiwa vijana, baba akapata kazi bandarini. Homa ikamchukua mimi nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki vizuri. Mama hakurudi mlimani. Alibaki katika chumba kimoja cha kupanga, nyumba ya Bi. Mwanahamisi, akawa anauza chai na chapati kwa wachukuzi wa sokoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mgumu wa kuamini. Ukimpa kitu bure atakigeuza kwanza atazame upande wa chini, kama kuna kilichojificha huko. Majirani walimcheka. Mimi mwenyewe niliona ni ukali wa watu wa milimani tu.

Nilisoma shule ndogo ya misheni ambayo leo haipo tena. Kuta zake zilikuwa za udongo na paa lake la makuti, na masika yakianza tulikuwa tunasukuma madawati huku na huko kukimbia maji. Misheni ilikuwa na marafiki zake ng'ambo, watu wa makanisa ya huko waliokuwa wakichanga ili shule kama ile iendelee. Sisi watoto tuliwaombea kila asubuhi bila kuwajua. Mwaka mmoja akaja mgeni na kamera. Mwalimu Zefania akatuchagua wachache, akatupanga ukutani, akaniambia nivue viatu. Nikavua. Kisha akawa anamweleza mgeni habari zetu mmoja mmoja kwa Kiingereza. Wakati huo Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo nilitabasamu kila mgeni aliponitazama, naye kila nilipotabasamu alitikisa kichwa kwa huzuni. Nilishangaa kidogo, yakapita.

Baada ya hapo mambo yangu yakanyooka. Ada ikalipwa. Nikaletewa gauni, vitabu, na kila Krismasi kifurushi kutoka kwa mama mmoja wa ng'ambo aliyeitwa Bi. Edith. Mama alishukuru kama inavyopasa, lakini hakutulia.

"Mbona wewe?" aliniuliza jioni moja akikanda unga.

"Labda kwa sababu najitahidi darasani."

"Binti wa Mzee Joeli anakupita darasani. Mbona yeye hapati?"

Alimuuliza na mwalimu, akajibiwa kwamba Wazungu wana namna yao ya kuchagua. Mama hakubishana. Alilikunja lile gauni akaliweka chini kabisa ya sanduku, na nililivaa mara chache mno kabla halijanibana.

Basi turudi kwa mwalimu aliyekataa chai. Alianza kwa mzunguko, akauliza habari za biashara, akauliza habari za Machame. Halafu akasema Bi. Edith anakuja. Yumo melini. Anataka kuiona shule, na anataka kumwona Ndeshi, yaani mimi, nyumbani kwake.

"Ni jambo jema," mama akasema. "Nitampikia."

"Ni jema sana. Ila yeye anafahamu kwamba Ndeshi analelewa na shangazi yake."

"Shangazi yupi?"

Mwalimu akaizungusha kofia. "Ndilo nililokuja kukuomba, Mama Ndeshi. Kwa siku hiyo moja tu."

Mama aliweka birika chini polepole, akauliza, "Na mimi niko wapi?"

"Usinielewe vibaya. Wenzetu wa kule wanaguswa zaidi na yatima. Baba yake si amefariki kweli? Nami niliongeza kidogo tu, kwa ajili ya shule."

"Ulichoongeza ni kifo changu," mama akasema.

Nikuambie kweli, mwanangu, Mwalimu Zefania hakuwa mwizi. Shati lake lilikuwa na viraka, na kitu cha shule hakijapata kuonekana nyumbani kwake. Aliipenda shule ile kuliko alivyojipenda, na pengine ndipo alipopotelea. Alitueleza kwamba mabati ya kuezekea yameahidiwa. Bi. Edith akirudi kwao na furaha, yatakuja. Akirudi na hasira, masika yatatukuta vilevile na watoto watarudi majumbani.

"Nikikataa?" mama akauliza.

"Sitaki kusema hivyo, lakini wa kwanza kutoka atakuwa Ndeshi."

Alilisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitia hofu. Tangu hapo nilianza kumtilia shaka kila mtu. Nilijiuliza, wale wenzangu tuliopigwa picha pamoja, wao wameuliwa nani? Kanisani niliwatazama mama zao wakiimba, nikawaza kama wanajua kwamba ng'ambo huko wanaombewa kama marehemu.

Bi. Mwanahamisi, mwenye nyumba wetu, alipoombwa viti vya kumkalisha mgeni alidai kwanza aelezwe yote. Alipoelezwa alipiga makofi. "Mie mwanangu haniiti shangazi hata nikipewa nyumba ya ghorofa Uhindini!"

"Wako wamekwisha kukua, Bi. Mwanahamisi," mama akamjibu. "Wangu bado anasoma."

Akakubali. Mama yangu, mgumu yule, akakubali, na mimi nikamkasirikia kimyakimya. Nilidhani ameogopa. Sikujua bado kuna mambo mzazi anayameza ambayo hayana uhusiano wowote na woga.

Bi. Edith alifika asubuhi, Mwalimu Zefania akiwa amemshikia mwavuli. Nilikuwa nimemtazamia mtu mkubwa, mwenye sauti. Alikuwa bibi mzee mfupi, miguu imevimba kwa joto, kofia nyeupe imelowa jasho. Mkononi ana mwanasesere aliyefungwa kwa karatasi, na mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa ninayempita kimo. Aliponiona alilia. Akanishika mashavu, akalia, akacheka, akakaa kwenye kiti cha Bi. Mwanahamisi akala chapati na kunywa chai, akasema hajaonja chai kama ile. Mwanangu, nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilikuwa nimemtafuta mbaya katika habari hii, na kila niliyemgeukia nilimkuta na wema wake.

Mama alikaa kwenye kibao karibu na mlango. Mwalimu alikaa katikati yao akitafsiri. Bi. Edith akaushika mkono wa mama, akamshukuru kwa kumlea mtoto wa marehemu kaka yake. Mwalimu akatafsiri. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha yule bibi akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Anauliza," mwalimu akasema, "mama wa mtoto alikuwa mtu wa namna gani. Anasema humwombea kila Jumapili."

Nje mkokoteni ulikuwa ukipita, mtu anapiga kelele apishwe. Mama alingoja mpaka upite. Hakumtazama mwalimu, alimtazama Bi. Edith machoni.

"Mwambie alikuwa muuza chai," akasema taratibu. "Mwambie yuko hai, na ndiye huyu ambaye yeye amemshika mkono."

Mwalimu Zefania akamgeukia mgeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba marehemu alikuwa mwanamke mwema, mchapakazi, na kwamba Mungu alimchukua mapema.

Alisahau jambo moja, mwanangu. Alisahau kwamba miaka ilikuwa imepita, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha Kiingereza.

Nilisimama. Kiingereza chote kilinikimbia, yakabaki maneno machache. Nikamwambia Bi. Edith, huyu ni mama yangu. Nikarudia, maana alinitazama kama hakusikia. Mwalimu akacheka kicheko kifupi, akamweleza kwamba huku kwetu kila mwanamke anayelea mtoto huitwa mama, ndiyo desturi. Nami nikaona Bi. Edith anaanza kumwamini, kwa sababu lilikuwa jambo la kuaminika, na hata kweli lilikuwa nayo ndani yake.

Ndipo Bi. Mwanahamisi, aliyekuwa ukumbini akisikiliza bila aibu, akaingia. "Mwambie bibi huyu kwa lugha yake, Ndeshi. Mimi ndiye niliyemzalisha mama yako, chumba hiki hiki, na ulitoka miguu kwanza ukatutoa roho sote."

Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Bi. Edith hakumtazama tena mwalimu. Akaniambia nimuulize mama kwa nini alikubali kusema uongo. Nikamuuliza.

"Kwa sababu mtoto wangu anasoma," mama akasema. "Yeye angefanyaje?"

Nilipomfikishia jibu hilo, Bi. Edith aliuachia mkono wa mama. Akainuka akatoka, na mwalimu akamfuata mbio na mwavuli. Hakutuaga.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Ada yangu haikulipwa tena, wala ya wale wengine. Masika yakaingia shuleni kama yalivyozoea. Mwalimu Zefania akahamishiwa bara, na watu walimpenda, kwa hiyo walitafuta wa kumlaumu. Kanisani tukikaa benchi moja, benchi linabaki wazi pande zote mbili. Mama mmoja alimfuata mama yangu sokoni mbele ya wateja, akamwambia, "Mdomo wa mwanao umewatoa watoto wetu shule." Mama akamwuliza kama anaijua habari aliyopewa mgeni juu yake. Yule mama alikuwa haijui. Alipoambiwa kwamba naye huko ng'ambo ni marehemu, aligeuka akaondoka. Mama akaanza kufua nguo za watu Uhindini mchana baada ya kumaliza chapati, na kwa mikono ile iliyochubuka nikamaliza masomo.

Baadaye, masika mengine yakikaribia, wazazi wakaitwa misheni. Wakaambiwa marafiki wa ng'ambo wataleta mabati, lakini safari hii wanataka wazazi wachague wenyewe watu wa kuyapokea, na habari ya mtoto yeyote isipelekwe huko kabla mzazi wake hajasomewa kwa Kiswahili. Hatukuambiwa ni nani aliyelisemea jambo hilo huko. Sisi tulikisia. Mama akachaguliwa, na nilidhani atafurahi.

"Wanataka nini?" akauliza mbele ya mkutano.

"Hawataki kitu, Mama Ndeshi," mtu wa misheni akamjibu.

"Waulizeni tena."

Watu wakaguna, lakini wakauliza tena, na jibu likarudi lilelile. Ndipo akaenda mwenyewe Kivukoni kushuhudia mabati yakishushwa. Shule ikaezekwa. Bi. Edith hatukumsikia tena, na mpaka leo sijui kama alitusamehe, wala sina hakika ni nani kati yetu aliyepaswa kumsamehe mwenziwe.

Sasa wewe mwanangu umeniambia kwamba wewe na wenzako mmeanzisha shule ya watoto kule Buguruni, na kuna watu wema wa nje wameahidi kuwashika mkono. Mimi sikuzuii. Nimesoma kwa fedha za watu nisiowajua, siwezi kukuambia msaada ni mbaya. Pokea, na ushukuru kwa adabu. Lakini shaka aliyokuwa nayo mama yangu, ambayo ujanani niliiita ukali, nakuachia uwe nayo. Uliza mara mbili. Jua wameambiwa nini juu yenu, na kwa mdomo wa nani. Usimtume mtu akusemee kwa lugha ambayo hakuna mwenzenu hata mmoja anayeisikia. Na wewe mwenyewe ukija kuwa mtoaji, maana Mungu anaweza kukujalia, usitake uoneshwe machozi kwanza ndipo ufungue mkono. Watu watakutengenezea machozi, na hawatakuwa wabaya, watakuwa na shida tu. Na siku ukiambiwa kwamba mtoto fulani hatasaidiwa mpaka aonekane hana mtu, simama hapo hapo. Huenda mtu wake amekaa chumbani humo humo, anasikia anavyozikwa.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu. Awape marafiki wa kuwatazama usoni bila kuinamisha kichwa, na kila mtoto atakayepita mlangoni mwenu, mama yake aitwe kwa jina lake. Amina, mwanangu.