Pilau ya Moto ya Bi Mwanabaraka

Nimepita nchi ambako mtu anayewahudumia wote hupewa mshahara, na nyingine ambako husubiriwa afe kwanza, ndipo achongewe sanamu. Kiwalani hupewa saa ya ukutani. Bi Mwanabaraka anazo tatu sebuleni, kila moja zawadi ya mwenyekiti wake wa mtaa, pamoja na hotuba, na kila moja inasema wakati wake. Ukitaka kujua ni saa ngapi, unatoka nje ukawaulize majirani.

Chumba cha nyuma cha nyumba yake ni cha masufuria. Ni mali ya mtaa, makubwa, meusi kwa nje, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuoga ndani yake, na wapo waliowahi. Hakuna harusi, hitima wala msiba uliopita mtaani bila masufuria hayo, na masufuria hayatoki bila Bi Mwanabaraka. Ufunguo hukaa kwenye pindo la kanga yake. Hakuna aliyemchagua. Mambo yalianza kwenye harusi yake mwenyewe.

Alikuwa ndani, mwali, mikono na miguu imejaa hina, amefundwa asinyanyue macho. Akasikia harufu ya wali unaoungua. Somo wake akamfinya kwamba atulie. Akatulia kidogo, halafu akatoka na udi wake na ushungi wake, akavuta kuni mbili nje ya mafiga, akarudi ndani kuinamisha macho. Wazee walisema bibi harusi gani huyu asiye na haya. Walisema hivyo midomo imejaa wali. Tangu siku ile masufuria yakamfuata nyumbani kama paka.

Akazaa watoto wanne, akalea na wa wenzake, akasindikiza wajawazito hospitali, akasuluhisha ndoa ambazo ingekuwa heri zivunjike. Mumewe, Haroub, alikuwa mtu wa maneno machache aliyezoea kula peke yake kila watu walipokuwa na sherehe, yaani karibu kila wiki. Haroub alipofariki, Bi Mwanabaraka akaingia eda. Ungedhani hapo angepumzika. Wanawake wakawa wanakuja dirishani. "Pole sana kwa msiba, Bi. Eti chumvi tutie kiasi gani?"

Kitu alichokitamani maishani hakikuwa saa. Alitamani kula pilau ya harusi ingali ya moto, amekaa kitini, na mtu mwingine ndiye ahangaike na nyama. Mpishi hula mwisho. Hula ukoko, amesimama, kwa vidole, jicho likiwa kwenye sahani za watu.

Mjukuu wake Salsabil, binti wa mwanawe Marijani, aliyelelewa mikononi mwake, alilijua hilo. Alipochumbiwa akamwambia, "Bibi, harusi yangu unakaa kiti cha mbele. Ukinyanyuka tu, mie naghairi kuolewa."

"Usifanyie ndoa mzaha, mwanangu."

"Basi usinyanyuke."

Marijani akakodi ukumbi, akakodi na wapishi wa kofia ndefu nyeupe. Mtaa ukalipokea jambo hilo kama uasi. Kofia haipiki, watu wakasema.

Asubuhi ya harusi, Mzee Jabiri mwenye duka la kona akafariki. Alikuwa mtu mwema, ila siku hakujua kuchagua. Chai ya Bi Mwanabaraka haijapoa, uani kwake akaingia Alfonsi, mwenyekiti wa sasa, na Raudha, jirani wa Bi, na nusu ya mtaa nyuma yao.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Amina. Hatujaja kukusumbua," Alfonsi akasema, akivuta kiti. "Leo ni siku yako, sote tunajua. Wewe ndiye nguzo ya mtaa huu. Wewe ndiye..." Ndege ikapita juu ya mabati, chini kama zipitavyo huku, wote wakangoja. "...mama yetu," akamalizia.

"Mnataka masufuria."

Akafungua pindo, akaweka ufunguo mezani. Hakuna aliyeugusa. Wanaume waliozoea kubeba majeneza waliutazama kama kaa la moto.

"Sasa Bi," Raudha akasema, "sie tukiuchukua huo ufunguo, na chumvi imo humo humo?"

"Chumvi iko dukani."

"Duka la nani? Si mwenyewe ndiye tunamzika."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mie nijuacho ni kuonja tu," Raudha akaendelea.

"Umeonja miaka yote, Raudha, mpaka nikawa nahofia wageni watakosa. Mkono unaoonjea ndio huo huo wa kupikia."

Alfonsi akabembeleza. "Kidogo tu, Bi. Unakoroga, unaondoka. Harusi itakusubiri. Mwenye haraka ni marehemu."

Hilo likampata. Jabiri ndiye aliyepasua kuni siku ya mazishi ya Haroub. Bi akaweka mikono magotini, kama afanyavyo mtu anayetaka kunyanyuka. Wala tusimfanye mtu wa kuonewa tu. Moyoni hakuamini kwamba wali unaweza kuiva bila yeye. Watu wa huduma nao wana kiburi, ila wao hukifunika vizuri.

Salsabil akatoka ndani, hina mikononi haijakauka, nywele zimesukwa nusu. Akauokota ufunguo, akaushindilia kwenye kiganja cha Raudha.

"Bibi anaenda harusini," akasema. "Nyie nendeni mkapike."

"Mwali gani huyu hana haya," mtu akanong'ona.

"Ya kurithi hiyo," mwenzake akajibu.

Ukumbini Bi Mwanabaraka akakaa kiti cha mbele. Raudha akapiga simu. Bi akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akaizima sauti, akaiweka kitini, akaikalia. Shehe alipokuwa akitoa mawaidha simu ikawa inatetemeka, na waliomwona bibi akishtukashtuka walidhani analia kwa furaha.

Sahani ikaja. Mvuke ukampiga usoni. Mchele ulikuwa mbichi katikati, viungo vimetupwa kama mtu anayelisha kuku, na nyama ilihitaji msumeno. Meza nzima ikaacha kula, ikamtazama yeye. Marijani akamwinamia.

"Mama, vipi?"

Angesema neno moja, kofia zile zisingepata kazi tena Dar nzima.

"Ya moto," akasema. Akaila yote, amekaa.

Kesho yake akaenda kwa marehemu kutoa pole. Jabiri alikuwa amezikwa, na watu wamekula. Wali wa jana ulishikamana hata ungeweza kukatwa kwa kisu. Chumvi ilitiwa mara mbili, kwani Raudha alipomkosa Bi kwenye simu aliuliza watu wawili, na kwa adabu akawatii wote wawili. Hakuna aliyekufa, ukimwondoa marehemu. Jambo hilo lilimchoma Bi Mwanabaraka kuliko alivyotarajia.

Mlangoni Alfonsi alikuwa akiwaeleza wageni kwamba Raudha ndiye nguzo ya mtaa. Inasemekana ameshaanza kutafuta saa.

Bi Mwanabaraka akazunguka uani. Wali wa leo ulikuwa ndio kwanza umeepuliwa. Raudha alikuwa kando ya sufuria, amesimama, anabandua ukoko kwa vidole. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake, fundo limekazwa, wala hakuutaja.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa ule, Raudha."

"Nikikaa, hawa nani atawapakulia?"

Bi Mwanabaraka akatazama lile fundo la kanga. Kisha akavuta kigoda, akakaa yeye.

"Haya, anza na mie," akasema. "Ungali wa moto."