Mgono wa Baba

Nianze kwa kukiri: namwonea wivu mdogo wangu. Si wivu wa kupita. Ni ule unaomfanya mtu mzima ahesabu mwenzake amechekewa mara ngapi.

Mimi ndiye niliyebaki kulima mpunga wa nyumbani, huku bondeni chini ya Kikatiti. Yeye alikwenda mjini akafanya kazi hotelini, na aliporudi akaanza kutembeza wageni kwenye majaruba yetu. Anawaonyesha tunavyopandikiza miche na kuvua kambare, halafu wanakula wali. Mimi ni mmoja wa vinavyoonyeshwa. "Yule pale ni dada yangu," husema, nami nimeinama, wageni wanaupiga picha mgongo wangu.

Siku hiyo walikuja kina mama wa kwaya kutoka Lemara, wamevaa mabuti ya kuazima, wanacheka kila wakiteleza. Ilikuwa zamu yetu ya maji. Maji yakijaa shambani na kuanza kumwagikia mtoni, kambare huyapanda kuja juu, ndiyo maana mgono, ule mtego wetu wa fito, hutegwa mdomo ukielekea mtoni. Baba alinifundisha mimi, amenishika viganja ndani ya tope. Alikufa bila kuacha hata picha. Fundisho hilo ndilo nililobaki nalo peke yangu, na sikutaka kugawana na mtu.

Mdogo wangu akauinua mgono. "Huu ni wa marehemu baba yetu," akasema, na kina mama wakaguna kwa huruma. Roho iliniuma hadi nikang'oa miche niliyotoka kuipanda. Kisha akautega, mdomo ukielekea shambani. Nikaona. Neno moja tu lingetosha. Nikanyamaza, nikaendelea kupandikiza, na sitadanganya, nilifurahi.

Baada ya chakula wakarudi, wakamzunguka akiuvuta. Majani na matope, kambare hata mmoja hakuna. Nikainua kichwa nimwone akiaibika.

Akacheka. "Mama zangu, leo nimeumbuka. Aliyefundishwa na baba ni dada. Mimi nilikuwa nalia kwa kuogopa tope, dada ananibeba mgongoni huku anatega. Dada, njoo uwaonyeshe."

Wakanipigia makofi na vigelegele. Nikaenda, nikaugeuza mgono. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, asubuhi mbona hukumwambia?"

Wote wakanigeukia.

"Alikuwa ameinama, asingeweza kuona," mdogo wangu akawahi.

Alikuwa ameutega mgono hatua tatu tu kutoka nilipokuwa, na kabla ya kuuachia tulitazamana.