Kibao Shingoni mwa Haboba

Nikipita sokoni Arua, pale wanapouza kamba za kufungia mbuzi, shingo huanza kuniwasha. Mume wangu hunicheka, husema labda zamani niliwahi kuwa mbuzi. Ni harufu ya katani, wasomaji wangu, katani iliyolowa jasho ikakauka, kisha ikalowa tena. Kwangu mimi harufu hiyo ina jina moja tu: kibao.

Tulikuwa tunakaa Onduparaka, mtaa ambao siku ya mechi hata kuku hawapati pa kupita. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule juu Arua Hill, na alikuwa ameamua, kwa ule ukaidi ambao mimi nimeurithi bila kupunguzwa, kwamba wanawe watakijua Kiingereza mpaka waote nacho ndoto. Siku niliyoanza darasa la kwanza alipiga marufuku Kikakwa mezani. Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, akawa anakula kimya. Miaka mitatu mama yangu alikula kimya, na mimi nikadhani ndivyo wanawake wanavyokula.

Shuleni walinzi wa lugha walikuwa wengi zaidi. Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha ubao, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa kwa msumari wa moto na kutiwa kamba. Kiliandikwa kwa rangi nyeupe, kwa Kiingereza: mimi ni mjinga. Ukisikika unasema Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili, chochote cha nyumbani, unavikwa. Unakaa nacho mpaka umsikie mwingine akiteleza, ndipo unamvisha yeye. Atakayekutwa nacho Jumatatu asubuhi kwenye mstari anapata fimbo sita mbele ya shule nzima. Kwa hiyo tulikuwa tunacheza huku tumetega masikio, na rafiki yako akinyamaza ghafla karibu nawe, ujue anakuvizia.

Ijumaa moja, nikiwa darasa la nne, uji wa moto ulinimwagikia mguuni. Mtu akiungua hachagui lugha. Nilimwita mama kwa Kikakwa, tena kwa sauti. Rafiki yangu Draru, aliyekuwa amekivaa tangu Jumatano, hakungoja hata nimalize kulia.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekificha ndani ya sweta, katani inanikuna, fimbo sita zinanisubiri. Na nani nilimkuta barazani? Haboba. Hivyo ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, kama wanavyowaita bibi zao watu wengi wa Koboko. Alikuwa ametoka kwake Midia, huko huko Koboko, na ufuta na mihogo mikavu, na alikuwa anaongea na mama Kikakwa kitamu, kirefu, bila woga, maana baba alikuwa bado kazini.

Msinihukumu upesi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza, na kichwani mwangu ikapita ile kanuni ya shule: yeyote atakayesikika. Walimu walisema yeyote. Hawakusema mwanafunzi. Na huyu mwanamke alikuwa amevunja kanuni tangu azaliwe.

Nikakivua, nikamwendea, nikamvisha.

Haboba alikuwa ameinamisha kichwa kunirahisishia. Alikishika kibao, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya maandishi. Kusoma hakujua. Kisha akacheka kwa furaha, akamwambia mama kwamba mjukuu wake amepewa nishani shuleni na amemletea yeye, kama zile za marehemu babu yangu, aliyekuwa askari. Akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, jinsi wazee wetu wanavyobariki. Mama, ambaye naye hakujua kusoma, akapiga vigelegele. Nilikwenda kuoga nikijiona mjanja kuliko shule nzima.

Asubuhi nilipoamka Haboba alikuwa ameshaondoka kurudi Midia. Na kibao kilikuwa kimeondoka naye.

Hapo ujanja wangu ulikwisha. Kukipoteza kibao kulikuwa kosa kubwa kuliko kukivaa. Nilishinda Jumamosi nzima bila kula, na Jumapili baada ya ibada nikamwambia baba. Nilitegemea kofi. Baba aliniuliza mara mbili kama kweli nilimvisha mama yake. Kisha akaenda kuwasha pikipiki, akanipandisha nyuma, tukashika njia ya Koboko.

Tulimkuta Haboba nje ya nyumba yake, anabangua karanga na majirani watatu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na kibao kifuani. Ina maana alikivaa kanisani. Ina maana kila mtu wa Midia aliyejua kusoma alikuwa ameyaona yale maneno juu ya kifua cha bibi yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwambie," baba alisema. "Kwa Kikakwa."

Nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu. Kuomba maji nilijua, kufukuza kuku nilijua, hata kumlilia mama nilijua. Lakini nimekudanganya, nisamehe, hii ni aibu, maneno hayo yalikuwa yamenitoka, au hayakuwahi kuingia. Niliokoteza. Nadhani nilisema kitu kama: hii si nzuri, hii ya mtu mbaya, mimi mbaya nimekupa. Wale kina mama waliacha karanga zao. Mjukuu wa askari, mtoto wa karani, anasema kama mtoto wa miaka miwili.

Haboba aliniuliza hapo pameandikwaje. Nikamsomea Kiingereza. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidevu kwamba anataka kwa lugha yake. Neno la mjinga nililijua, kwa sababu watoto wote hujifunza matusi kwanza. Nikalisema, mbele ya watu, nikimtazama machoni, na sijawahi kusema neno zito kuliko lile tangu siku hiyo.

Alimaliza kubangua karanga iliyokuwa mkononi, akaila. Kisha akauliza fimbo ni ngapi, na mstari unaanza saa ngapi.

Jumatatu alfajiri tulipanda pikipiki watu watatu: baba mbele, mimi katikati, Haboba nyuma na kibao chake. Tulifika wakati majina yanaanza kuitwa. Mwalimu wa zamu aliuliza, kwa Kiingereza, nani ana kibao. Kabla sijatoka, Haboba alikuwa ameshapita mbele ya mistari. Alisalimia kwa Kilugbara. Akasalimia kwa Kikakwa, kwa Kiarabu cha Juba, kisha akahamia Kiswahili cha kambini, alichokipata miaka ile ya kumfuata babu kutoka kambi hadi kambi.

"Mwalimu, habari. Mimi ndiyo iko na hii kibao," alisema. "Mimi nasema Kikakwa tangu zaliwa, hapana acha hata siku moja. Naambiwa iko fimbo sita."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Mwalimu wa zamu aliificha fimbo nyuma ya mgongo.

"Mama, hii ni ya watoto," alisema, naye kwa Kiswahili, kanuni imemtoka kichwani.

"Mtoto yangu ilikuwa nayo. Sasa iko kwangu. Piga basi, mimi nataka rudi Koboko, karanga yangu iko nje."

Hakuna aliyecheka. Mkono wake, nawaambia, ulikaa pale mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini akamwomba, kwa heshima zote, waingie ndani wanywe chai. Alipoombwa arudishe kibao alikataa. Alisema ni zawadi ya mjukuu wake. Akaondoka nacho.

Mchana ule mwalimu wetu wa Kiingereza alikosa raha darasani. Aliitwa Mwalimu Luz, Mfilipino mfupi mwenye sauti ya upole, na Kiingereza chake tulikiiga hadi kikohozi. Alifunga kitabu, akatuambia kwamba kwao Ufilipino, shuleni alikosoma, aliyesema lugha ya kijijini alisimamishwa juani. Yeye akawa hodari wa Kiingereza, akashinda wote, akapata kazi ng'ambo. Mama yake alipozeeka na kuugua, Kiingereza chote kilimtoka, akabaki na ile lugha ya kijijini peke yake. Mwalimu Luz alikaa kando ya kitanda akimwomba binamu yake amfasirie maneno ya mama. Alisema hivyo akafungua kitabu, tukaendelea na somo, na macho yake mekundu.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Jioni ile mezani nilimgeukia mama nikamwambia kwa Kikakwa changu kibovu kwamba mguu ulioungua bado unaniuma. Sote tulimtazama baba. Baba akanisogezea chumvi. Mama akajibu, na alipoanza kujibu hakunyamaza mpaka chakula kikapoa.

Msidhani shule iligeuka. Muhula uliofuata kilitokea kibao kipya, kidogo zaidi, chenye rangi nzuri. Nilikivaa mara kumi na moja. Fimbo nilizipata, na kila likizo nilikwenda Midia kuongeza maneno. Kiingereza nacho sikukiacha. Nilikisoma kwa hasira, nikakipata, na leo nakifundisha Koboko, watoto wakinijibu kwa lugha yoyote iliyowafikia kwanza.

Miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho: bibi asiyejua kusoma, akatembea na tusi kifuani akidhani ni nishani. Niliisimulia hivyo hata kwenye matanga yake. Baba alikuwa ameketi karibu yangu. Alisubiri watu wamalize kucheka, akanishika mkono.

"Changu kilikuwa cha mfupa wa ng'ombe," alisema.

Akaniambia kwamba alipokuwa darasa la tatu alirudi nacho nyumbani, na Haboba, wakati huo mama kijana, alidhani ni nishani. Alimtembeza nacho kwa majirani wote, anajivuna. Baba aliona aibu kumwambia. Jumatatu alipigwa, na Haboba akaujua ukweli alipokuwa anamkanda majeraha kwa maji ya moto.

Kwa hiyo Ijumaa ile alijua. Alikijua kibao kabla sijazaliwa. Aliinamisha kichwa nimvishe, akacheka kicheko kilekile cha zamani ili nisione aibu, akanibariki, na asubuhi akakipeleka mbali nami kadiri alivyoweza.