Neno la Goreti

Wiki iliyopita nilimkuta mama kwenye mkeka, amefumba macho, tasbihi mkononi, midomo ikicheza bila sauti. Binti wa kazi alipogonganisha masufuria, mama alimkaripia. "Nyamaza, nasoma uradi."

Palepale nikasikia harufu ya dagaa walioanikwa, ya mchana ule wa utotoni mwangu, mtaa wa Gungu. Tulikuwa wageni Kigoma, baba kahamishiwa huko kutoka Tanga, na Goreti, mkimbizi wa Burundi, ndiye aliyetufanyia kazi za ndani. Alipomaliza vyombo alikaa nyuma ya nyumba, kafumba macho, midomo ikicheza vilevile. Mimi nilidhani anawabembeleza dagaa wakauke.

"Unafanya nini hapo?" mama akamuuliza.

"Ndasenga, mama."

Mama alisikia kusengenya. "Unanisengenya, tena unaniambia usoni?" Akaenda akazitupa nguo za Goreti uani.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kiha, alichungulia juu ya ua. "Mama, kwa Kirundi gusenga ni kusali."

Mama akaitupa na khanga ya mwisho. "Basi akasalie kwao."

Mimi nilifurahi, maana nani asiyependa kurudi kwao? Nilimsaidia kufunga nguo zake kwenye khanga, nikamwambia amsalimie mama yake.

Goreti alinishika shavu. Mkono wake ulinuka sabuni ya mche. "Nitamsalimia," akasema. "Ndiye niliyekuwa nikimwombea alale pema."

Nikamwambia basi akifika asimwamshe.