Nyaya za Mashine ya Nyangeta

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, nimesimama ndani ya kiwanda cha nguo hapa Musoma, grisi mpaka viwikoni, namtazama dada mmoja mfumaji, jina lake Nyangeta, akivua kitambaa cha kichwa na kukaa chini sakafuni. Mashine yake ilikuwa imekataa kufanya kazi. Na aliyeifanya ikatae ni mimi.

Juzi uliniuliza kama uache gereji ushike muziki, au uache muziki ushike gereji. Sikukujibu. Leo nakujibu, ila kwa kirefu, wazee ndivyo tulivyo, vumilia.

Siku za kazi nilikuwa fundi mitambo. Jumamosi nilikuwa mpiga gitaa la solo. Watu wa hapa walitaka rumba, sisi vijana wanne tukawapigia roki, ile ya kelele haswa. Spika yangu niliichana kwa wembe makusudi ili gitaa likwaruze. Mama yangu kule Butiama alisema mwanawe anashinda na kelele za mashine, halafu anazibeba kuja nazo nyumbani. Wewe cheka tu.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, sembuse nyuzi za gitaa. Tulikuwaga tunanunua waya wa breki ya baiskeli, tunaufumua, na zile nyuzi zake ndizo tunafunga kwenye gitaa. Zinakata vidole, lakini zinalia. Halafu hata waya wa breki ukaadimika, na sisi tumealikwa kupiga Bunda Jumamosi, msimu wa pamba, watu wamejaa. Gitaa langu lilikuwa limebaki na nyuzi nne kati ya sita.

Sasa, mashine namba saba ilikuwa imekufa miezi miwili. Mashine mbovu ilikuwaga inanyofolewa vipuri ili nzima ziende, huo ndio utaratibu, lakini lazima msimamizi ajue. Mimi nikanyofoa nyaya zake mbili, zile zinazovuta fremu za nyuzi, bila kumwambia mtu, nikazifumua nikazifunga kwenye gitaa. Nikajiambia, hii ni maiti, haitahitaji. Na baiskeli yangu nyekundu, niliyoipenda kuliko mtu yeyote mjini, ilikuwa imeegeshwa nje na breki zake mbili nzima. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Sikujua kwamba msimamizi wetu, Mzee Masatu, mtu wa Murangi mwenye maneno machache, alikuwa amepata kipuri kikubwa cha kuweka badala ya kile kilichovunjika na kuiua namba saba. Hiyo ilikuwa mashine ya Nyangeta, na Jumatatu ile alikuwa ameitwa arudi kazini. Mfumaji asiye na mashine alikuwaga anakaa nyumbani, na tulishaambiwa atakayekosa mashine mpaka mwisho wa mwezi harudi tena. Nyangeta alikuwa na watoto watatu na mume aliyekwisha kufariki. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita.

Mzee Masatu alikagua, akaona nyaya hazipo. Akanijia moja kwa moja, akanishika mkono, akaugeuza, akaangalia ncha za vidole vyangu vilivyochanika upya. Akanivuta pembeni.

"Gitaa lako lina nyuzi ngapi?"

"Sita, mzee."

"Mmoja ukilegea, unasikia?"

"Nasikia."

"Nyangeta amekaa chini pale. Yeye umemsikia?"

Siku zile ukiitwa mhujumu, kazi huna na pengine gerezani unalala. Nilidhani ananipeleka kwa meneja. Akasema, "Nenda kamwambie yeye mwenyewe. Mimi nasimama hapa."

Nikaenda, nikamwambia. Nyangeta hakupaza sauti. Alisema, "Wanangu wanashindia uji, na wewe ulikuwa unajifunzia nyimbo kwa mashine yangu." Basi. Ningefurahi angenipiga kofi.

Zile za mashine nilishazifumua, hazikurudishika, basi nilitoka nje nikang'oa nyaya zote mbili za breki ya baiskeli yangu. Zilikuwa nyembamba mno, hazikufika, zikakatika mara tatu. Kila shifti ilipokwisha nilirudi chini ya namba saba na Mzee Masatu, tunaunga, tunasokota, tunajaribu tena. Jumamosi basi la Bunda liliondoka na wenzangu na spika zetu, mimi nimelala chali chini ya mashine. Saa tisa mchana namba saba ikaanza kufanya kazi. Nyangeta alifuma mpaka kengele ya kutoka, na hakupoteza kazi yake.

Wenzangu walizomewa Bunda kwa kukosa solo, hawakuniongelesha mwezi mzima. Mimi mwaka mzima niliendesha baiskeli nikifunga breki kwa ndala.

Baada ya hapo nimepiga muziki zaidi ya miaka thelathini, na ufundi sijaacha hata siku moja. Biashara ikafunguliwa, nyuzi halisi zikaingia kutoka Kenya, na kiwanda chetu kikafungwa. Nikahamia mashine za kusaga Nyakato, unga mpaka kwenye nyusi, Jumamosi nakung'uta napanda jukwaani. Dar es Salaam hawanijui. Lakini siku ile tulipoachishwa kazi kiwandani, wafanyakazi walinifuata wenyewe, wakataka niwapigie pale getini. Waliokuwa wanaziba masikio walicheza roki na magauni ya kazini, wengine wanalia. Nyangeta ndiye aliyeniletea kiti, akakiweka katikati, akawaambia, "Huyu ni mpiga muziki wetu." Najivunia hilo, mwanangu, wala sioni haya kulisema.

Basi jibu langu ni hili. Usiache gereji, na gitaa usiliache. Ila muziki wako uulipie kwa kilicho chako, hata kama ni kitu unachokipenda, usichukue cha mwenzako ukajidanganya kuwa hakitumiki. Na ukikosea, nenda kwa uliyemkosea kwa miguu yako, kabla hujasindikizwa.

Mungu akulindie mikono yako. Akupe kazi isiyokuaibisha na Jumamosi nyingi za kupiga, na popote utakapoweka spika zako, wapatikane watu wa kusema huyu ni wetu.